MAILI NGAPI, NA KUTOKA WAPI?
Somo juu ya umbali katika historia na jiografia

Asomaye kitabu cha historia au cha jiografia hukutana na maili kila baada ya kurasa chache. Husoma kwamba reli ya kwanza kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilikuwa na urefu wa maili 580 hivi. Kwamba Sultani wa Unguja aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Kwamba bahari iliyo mali ya nchi huishia maili 12 toka ufukoni. Wengi huzipita tarakimu hizo upesi, kama msafiri apitavyo mawe ya njiani, wakidhani kwamba maana yake yajulikana. Lakini maili si neno jepesi kiasi hicho. Kuna baharia mashuhuri ambaye angaliangamiza watu wake wote kwa sababu alisoma maili ya wageni akaidhania kuwa ni ya kwao. Tena kuna watu wa pwani ya Kenya ambao haki ya mashamba yao ilitegemea mstari wa maili uliochorwa na watu wasioyajua mashamba hayo.

Basi mtu atakaye kuelewa umbali na ajizoeze kuuliza maswali matatu kila aonapo tarakimu ya maili. La kwanza: ni maili ya namna gani? La pili: imepimwa kwa njia ipi? La tatu: imepimwa kutoka wapi? Somo hili lafuata maswali hayo, moja baada ya jingine.

ASILI YA MAILI

Chimbuko la neno hili ni lugha ya Kilatini, ambamo "mille" maana yake ni elfu. Majeshi ya Roma ya kale yalipima safari zao kwa hatua elfu elfu. Hatua moja ilihesabiwa tangu mguu uliponyanyuka hata mguu uleule ulipotua tena, yaani ilikuwa sawa na hatua mbili za kawaida. Hatua elfu za namna hiyo zilitimiza yadi 1,620 hivi, au mita 1,480. Kando ya barabara kuu yalisimamishwa mawe ya kuonyesha maili, na mnamo mwaka wa 20 kabla ya Kristo Kaisari Augusto alisimamisha nguzo katikati ya mji wa Roma, iliyoitwa Jiwe la Dhahabu, iwe alama ya kwamba barabara zote za dola yake zinaanzia hapo.

Waingereza waliurithi msamiati huo, wakautia urefu wao wenyewe. Wakulima wao walizoea kupima mashamba kwa falongi, nayo ilikuwa ni urefu wa mstari mmoja ambao ng'ombe wa plau waliweza kuulima kabla ya kupumzishwa, yaani yadi 220. Kwa muda mrefu maili ya sehemu moja ya Uingereza haikulingana na maili ya sehemu nyingine. Kisha, katika mwaka 1593, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza watu kujenga nyumba mpya ndani ya maili tatu kutoka malango ya mji wa London. Sheria ya namna hiyo haiwezi kutimizwa ikiwa kila mtu ana maili yake. Kwa hiyo sheria yenyewe ilieleza kwamba maili ni falongi nane, ambazo ni yadi 1,760, au futi 5,280.

Yafaa msomaji aliangalie sana jambo hili. Maili ya Kiingereza, ambayo baadaye iliandikwa katika ramani na sheria za Afrika ya Mashariki, ilipata urefu wake wa kudumu kutokana na ugomvi wa ardhi: nani aruhusiwe kujenga, na nani asiruhusiwe. Tangu mwanzo, maili katika sheria ilikuwa ukuta usioonekana kwa macho.

MAILI YA BAHARI

Mabaharia nao wana maili yao, na asili yake ni tofauti kabisa. Haikutokana na miguu ya askari wala na ng'ombe wa kulimia, bali ilitokana na umbo la dunia yenyewe. Duara la dunia hugawanywa katika digrii 360, na kila digrii hugawanywa katika dakika 60. Maili ya bahari ni urefu wa dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia. Katika mwaka 1929 mkutano wa mataifa uliofanyika Monaco ulikubaliana kwamba maili hiyo iwe mita 1,852. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609 na kidogo zaidi. Kwa hiyo maili kumi za bahari ni sawa na maili kumi na moja na nusu za nchi kavu.

Faida ya maili ya bahari ni kwamba mtu aweza kuisoma katika ramani bila kutembea. Mathalani, mji wa Nairobi uko karibu digrii 1 na dakika 17 kusini ya Ikweta. Digrii moja ni dakika 60. Ukiongeza 17 zapatikana dakika 77. Basi Nairobi iko maili 77 za bahari kutoka Ikweta, au maili 89 hivi za nchi kavu. Mombasa iko karibu digrii 4 na dakika 3 kusini. Hizo ni dakika 243, yaani maili 243 za bahari, au maili 280 za nchi kavu. Na dunia nzima, mtu akiizunguka kwa kupitia ncha zake mbili, ni dakika 21,600, ambazo ni karibu maili 25,000 za nchi kavu.

KOSA LA COLUMBUS

Hatari ya kutouliza swali la kwanza huonekana wazi katika habari za Christopher Columbus. Katika karne ya tisa, wakati wa Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, wanajimu wake walipima urefu wa digrii moja kwa kutembea nyikani huku wakiangalia nyota. Mwanachuoni al-Farghani aliandika kwamba digrii moja ni maili 56 na theluthi mbili. Tarakimu hiyo haikuwa mbaya, kwa sababu maili ya Waarabu ilikuwa ndefu, ikikaribia mita 2,000.

Miaka zaidi ya mia sita ilipita, na Columbus akaisoma tarakimu hiyo. Yeye alidhani kwamba maili iliyotajwa ni ile ya Roma, ambayo ni fupi zaidi. Tarakimu ilibaki ileile, lakini dunia nzima ikapungua kwa robo katika hesabu zake. Tena aliliongeza bara la Asia upande wa mashariki kupita kiasi. Mwisho wa hesabu, akaona kwamba kutoka visiwa vya Kanari hata Japani ni maili 2,400 za bahari hivi. Umbali wa kweli ni zaidi ya maili 10,000.

Columbus aliondoka Hispania mwezi wa Agosti 1492, akiwa na merikebu tatu. Merikebu hizo hazikuwa na chakula wala maji ya kutosha kwa safari ya maili 10,000. Lau kama hapangalikuwa na nchi nyingine katikati, watu wote wangaliangamia baharini. Waliokolewa na bara la Amerika, ambalo hawakujua kwamba lipo, nao walifika katika visiwa vyake tarehe 12 Oktoba 1492. Wako watu wasemao kwamba wataalamu waliompinga Columbus walidhani dunia ni bapa kama sahani. Sivyo. Wataalamu hao walijua vema kwamba dunia ni mviringo. Walimpinga kwa sababu ya maili, na katika jambo la maili wao ndio waliokuwa na haki.

KWA NJIA IPI?

Swali la pili lahusu njia. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kama ndege angeruka moja kwa moja, ni maili 274 hivi. Barabara ya magari ni maili 300 hivi, kwa kuwa hupinda ikifuata nchi. Reli ya kwanza ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imekwenda maili 327 hivi, maana gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, hivyo reli ililazimika kuzunguka. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni kilomita 472, yaani maili 293, kwa sababu wajenzi wake walikuwa na mitambo ya kukata vilima na kuinua madaraja marefu. Miji ni ileile, wala haikusogea hata hatua moja, lakini umbali ni wa namna nne. Kila mmoja ni wa kweli, mradi njia yake itajwe.

Kabla ya reli, watu wa misafara hawakuhesabu maili, bali walihesabu siku na maji. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 hivi, na msafara ulikwenda kama maili kumi kwa siku. Kutoka Mombasa hadi Buganda kwa miguu ilikuwa maili 800 hivi, basi safari hiyo ilichukua muda wa miezi mitatu. Mahali pa kulala hapakuchaguliwa kwa maili bali kwa kisima au mto. Katika nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa haba, siku moja ya mwendo ilikuwa nzito kuliko siku tatu za nchi yenye mito. Kwa hiyo maili moja ya Taru haikuwa sawa na maili moja ya Kikuyu, ijapokuwa ramani iliziandika sawasawa.

Na tufikiri juu ya mzigo wa tani moja. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240. Kwa mizigo ya ratili 60, walihitajika wapagazi 37 au 38 kuichukua, nao walipaswa kulishwa na kulipwa kwa siku 80 za mwendo. Kwa sababu hiyo bidhaa zilizotoka bara zilikuwa ni zile tu zenye thamani kubwa katika uzito mdogo, na pembe za ndovu zilikuwa za kwanza. Mkulima wa bara hakuweza kuuza mahindi yake pwani, si kwa uvivu wala kwa ujinga, bali kwa sababu maili zingalikula bei yote njiani kabla ya gunia kufika.

RELI NA GHARAMA YA KILA MAILI

Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na reli ilifika Kisumu, ambayo siku zile iliitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Wajenzi walizipa kambi zao tarakimu za maili kabla ya kuzipa majina. Voi ilikuwa karibu na maili ya 100. Huko Tsavo, mbele ya maili ya 130, simba wawili waliwaua vibarua wengi mwaka 1898, hata kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Na mahali palipokuwa na maji baridi, ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao, ndipo palipokuwa na tambarare ya mwisho kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wajenzi walihitaji nafasi kubwa ya kuweka karakana, maghala na reli za kupishania. Hivyo ndivyo mji wa Nairobi ulivyozaliwa. Machakos, iliyokuwa boma la utawala kabla yake, iliachwa kando ya njia, na makao ya mkoa yakahamishiwa Nairobi mwaka uleule wa 1899. Mji hukua au hupungua kwa umbali wake kutoka njia, si kwa uzuri wa mahali peke yake.

Hesabu ya maili za reli haikulipwa kwa fedha tu. Kutoka India waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000, na wapatao 2,500 kati yao walifariki kwa magonjwa, ajali na wanyama wakali. Ukigawanya idadi hiyo kwa maili 580, wapatikana zaidi ya wafu wanne kwa kila maili. Waafrika waliokufa katika kazi za upagazi na ukataji wa njia hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo, lakini nao wamo katika kila maili.

Liko jambo lingine la kujifunza hapa, nalo ni tofauti ya maili na maili ya mraba. Katika miaka ya 1890 utawala wa wakati ule ulijitwalia ardhi ya bara iliyo ndani ya maili moja kila upande wa reli. Maneno "maili moja kila upande" husikika kama kitu kidogo. Lakini maili moja kulia na maili moja kushoto ni upana wa maili mbili. Basi kila maili moja ya reli ilibeba maili mbili za mraba. Maili moja ya mraba ni eka 640. Kwa hiyo kila mara gari la moshi liliposogea maili moja, eka 1,280 za ardhi zilikuwa zimebadilisha mwenyewe. Mtu asiyejua kutofautisha mstari na eneo aweza kutia sahihi yake, au dole gumba lake, chini ya karatasi asiyoielewa.

KUTOKA WAPI?

Swali la tatu ndilo lililoleta mashauri marefu kuliko yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Wajerumani walipoanza kudai nchi za bara katika mwaka 1885, Sultani Sayyid Barghash wa Unguja alisema kwamba nchi hizo ni zake. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilituma makamishna wazunguke pwani na kuchunguza mamlaka ya Sultani yanafika wapi. Makamishna hao hawakuwa na shauri moja juu ya kiasi cha ardhi alichokuwa nacho Sultani kutoka baharini kwenda bara. Watu wa mashambani nyuma ya pwani walioishi katika ardhi hiyo hawakuwa na mjumbe katika mapatano hayo.

Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana. Visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu vilihesabiwa kuwa vya Sultani, pamoja na ukanda wa pwani kutoka mto Minengani upande wa kusini mpaka Kipini upande wa kaskazini. Upana wake uliwekwa kuwa maili kumi. Zaidi ya hapo, miji ya Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu ilipewa kila mmoja duara la maili kumi, na Warsheikh maili tano.

Hapa msomaji na akumbuke maswali yake. Maili gani? Zilikuwa maili za bahari. Kutoka wapi? Kutoka pale maji yanapofika bahari ikijaa, moja kwa moja kwenda bara. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Tofauti kati ya maili kumi za bahari na maili kumi za nchi kavu ni maili moja na nusu. Kwa kila maili moja ya ufuko, tofauti hiyo ni eka 960. Kutoka Vanga hata Kipini, kwa mstari mnyoofu, ni maili 170 hivi. Basi neno moja tu, "bahari", lilitosha kuhamisha maili za mraba zipatazo 250 kutoka upande mmoja wa mstari hadi upande wa pili.

Mstari huo haukufuata mto wala mlima, wala haukufuata mpaka wa kaya za Wamijikenda au malisho ya wafugaji. Ulifuata hesabu tu. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na nyumba zake ndani ya ukanda na mashamba yake nje. Mkoko wa mwisho unaoguswa na maji ya bamvua ndio ulioamua.

Sehemu ya kusini ya ukanda huo, iliyo Tanzania leo, Wajerumani waliinunua kwa Sultani mwaka 1890 kwa marki milioni nne. Sehemu ya kaskazini ilisimamiwa kwanza na kampuni ya Kiingereza, kisha, tangu mwaka 1895, ikatawaliwa na Serikali ya Uingereza kwa jina la Sultani, naye akalipwa kodi kila mwaka. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Mwaka 1920 nchi ya bara ilipofanywa Koloni la Kenya, ukanda wa maili kumi uliitwa Himaya ya Kenya. Hivyo mtu aliyetoka Mombasa kwenda Nairobi alivuka mpaka wa kisheria baada ya saa moja ya safari, bila kuona alama yoyote nje ya dirisha.

Mpaka huo usioonekana ulikuwa na nguvu katika ardhi. Kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wa ukanda wa pwani waliruhusiwa kupeleka madai yao ili waandikiwe hati za kumiliki. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wenye nyaraka, mashahidi na ujuzi wa ofisi walipata hati. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa desturi, kwa makaburi ya wazee na kwa minazi waliyoipanda, hawakupata. Vizazi vya baadaye vilijikuta vikiitwa maskwota katika mashamba ambayo babu zao waliyalima. Jambo hilo halijamalizika hata leo. Serikali zilizofuata baada ya uhuru zimekuwa zikigawa viwanja na kutoa hati, na mashauri yangali yakisikika.

Uhuru ulipokaribia, wako watu wa pwani waliotaka ukanda huo, ulioitwa Mwambao, uwe na utawala wake peke yake; na wako waliotaka uungane na Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, naye akatoa shauri la kuunganisha. Tarehe 8 Oktoba 1963 mapatano yalitiwa sahihi, na Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohammed Shamte, wakabadilishana barua za ahadi. Miongoni mwa ahadi hizo ilikuwa kwamba mahakama za Kadhi zitaendelea. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipopata uhuru, ukanda wa maili kumi ukawa sehemu ya Kenya. Ulikuwa umedumu kwa miaka 77.

MAILI ZA MAJINI

Historia ya maili haikuishia ufukoni. Zamani mataifa mengi ya baharini yalikubali kwamba nchi humiliki bahari kiasi cha maili tatu tu kutoka pwani yake. Zaidi ya hapo, maji yalikuwa ya kila mtu. Desturi hiyo ilizifaa nchi zenye merikebu kubwa, ambazo ziliweza kuvua samaki mbele ya pwani za wengine. Nchi changa zilizopata uhuru ziliona hasara yake. Mwaka 1972, mwanasheria wa Kenya Frank Njenga alipeleka mbele ya wajumbe wa Asia na Afrika waliokutana Lagos shauri la kwamba kila nchi iwe na eneo la uchumi la maili 200 za bahari. Kenya yenyewe ilitangaza eneo lake mwaka 1979, na Mapatano ya Sheria ya Bahari ya mwaka 1982 yakaikubali tarakimu hiyo kwa dunia nzima, pamoja na maili 12 za bahari iliyo mali ya nchi. Maili 200 za bahari ni maili 230 za nchi kavu, au kilomita 370.

Lakini swali la tatu halikosi kurudi. Maili 200 kutoka wapi, na kuelekea upande gani? Kenya na Somalia zilivutana juu ya mstari unaoanzia mpaka wao ufukoni na kuingia baharini, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari ambao Kenya ilikataa kuukubali. Tarakimu ilikuwa moja kwa pande zote mbili. Ugomvi ulikuwa juu ya mahali pa kuanzia na mahali pa kuelekea.

MAILI KATIKA MAJINA

Siku hizi mabango ya barabara za Kenya na Tanzania huandikwa kwa kilomita, na watoto shuleni hujifunza mita. Hata hivyo maili hazikufutika, maana zimekuwa majina ya mahali. Karibu na Eldoret ziko Maili Nne na Maili Tisa. Huko Kibaha, Tanzania, iko Maili Moja. Watu hupanda na kushuka magari hapo kila siku. Kila jina la namna hiyo lina swali ndani yake: maili nne kutoka wapi? Mtu akiliuliza, aweza kuvumbua wapi palikuwa na kituo cha kwanza, soko la kwanza, au boma la kwanza, hata kama mji umekwisha kuenea ukalimeza jina hilo. Atakaye kugeuza maili kuwa kilomita bila kalamu na akumbuke kwamba maili tano ni karibu kilomita nane.

Wazee husema kwamba kuuliza si ujinga. Katika karatasi ya ardhi, katika ramani ya shule, katika habari za mipaka, tarakimu ya maili isipokelewe mpaka ijibu: ni maili gani, kwa njia ipi, na kutoka wapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mji wa Lamu uko karibu digrii 2 na dakika 16 kusini ya Ikweta. Uko maili ngapi za bahari kutoka Ikweta?

2. Msafara uendao maili kumi kwa siku ungechukua siku ngapi kufuata njia ya reli ya kwanza kutoka Mombasa hadi Nairobi?

3. Chukua sehemu ya pwani iliyonyooka, yenye urefu wa maili 20 za nchi kavu. Ukanda wa maili kumi za bahari nyuma yake una maili ngapi za mraba za nchi kavu, na eka ngapi?

4. Chagua mahali palipo karibu nawe penye jina la tarakimu. Waulize wazee ilihesabiwa kutoka wapi.

Majibu: (1) Maili 136 za bahari. (2) Siku 33 hivi. (3) Maili za mraba 230, ambazo ni eka 147,200. (4) Jibu la swali hili halimo katika kitabu. Liko kwa wazee.